Nishani za Mzee Budge na Upepo wa Daraja la Tisa

Droo ilifunguka kwa urahisi mno. Siku zote ilikuwa nzito, lazima Netta aishike kwa mikono miwili na kuiyumbisha kwanza ndipo ikubali, lakini asubuhi ile ya Jumapili ilimjia nyepesi kama ganda la yai, naye akajua kuna kitu hakimo kabla hata hajatazama. Visu na uma havikuwemo. Kisanduku cha nishani za baba mkwe wake kilikuwepo pale pale pembeni, kimefungwa vizuri kwa kishikizo chake. Akakifungua. Mlikuwa na bitana ya bluu iliyochakaa, na juu yake alama tano zilizokandamizwa kwa miaka mingi: moja ya nyota, tatu za duara, na moja yenye pembe nane. Nishani zenyewe hazikuwepo.

"Usinifanyie hivi," aliiambia droo. "Leo usinifanyie hivi."

Ilikuwa saa mbili na robo. Saa nne wifi yake Thelma angefika kwa feri kutoka Portsmouth, ng'ambo ya maji, kumchukua baba yake waende mnara wa kumbukumbu kwenye barabara kuu ya Gosport, kama walivyofanya kila Novemba tangu vita vya pili viishe. Saa tano kamili mji wote ungesimama kimya kuwakumbuka waliokufa vitani, na Mzee Reuben Budge, mhudumu wa meza ya maofisa kwenye manowari za Mfalme kwa miaka ishirini na mbili, kisha miaka sita kwenye meli ya watafiti wa nyangumi huko kwenye barafu za kusini, angesimama safu ya mbele na nishani zake tano kifuani.

Mwaka huu Thelma hakuwa anakuja kwa ajili ya mnara tu. Tangu Agosti, mzee alipopata kiharusi kidogo, maneno yalikuwa yakimtoka moja moja, na siku nyingine hayakutoka kabisa. Barua ya Thelma ilikuwa mfukoni mwa aproni ya Netta, imekunjwa mpaka mikunjo inataka kukatika. "Nitakuja nijionee mwenyewe. Vitu vikianza kupotea, au Baba akianza mambo ya ajabu, usinifiche. Nafasi ipo kwenye nyumba ya mabaharia wazee, na wamesema gari linaweza kumfuata Jumatano."

Netta alikuwa amejibu kwa kadi tatu, na zote zilisema Baba hajambo kabisa.

Hakusema uongo, alijitetea huku akipapasa nyuma ya droo. Mzee alimletea chai kitandani kila alfajiri saa kumi na mbili, kikombe kikiwa kwenye kisahani, kisahani kwenye sinia, sinia kwenye kiganja, bila kumwaga tone. Mumewe Colin alikuwa Malta na meli yake, mtoto Lorna alikuwa na miezi kumi na hakuwa na habari kwamba watu hulala usiku, na bila chai ile Netta asingejua angeinukaje. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakumwandikia mtu. Yeye alilelewa na shangazi. Hakuwahi kumwita mtu yeyote Baba mpaka siku alipoingia nyumba hii.

Leo chai haikuja. Hilo nalo alikuwa amelipita haraka, akidhani mzee anavaa. Kisha alipotaka kupasha maziwa ya mtoto, jiko halikushika. Akatafuta kiberiti kingine, hakukiona. Gesi imekatika, alijisemea, Jumapili ya watu wote.

Sasa alisimama katikati ya jikoni na kutazama vizuri. Kulabu za vikombe zilikuwa tupu zote saba. Bakuli la sukari halikuwepo. Alikimbilia sebuleni. Juu ya meko, mahali pa saa ya marehemu mama mkwe, kulikuwa na duara safi lisilo na vumbi. Picha ya harusi yake na Colin haikuwepo. Na kitambaa cheupe cha meza, kile kizuri, kilikuwa kimetandikwa mezani kikiwa kimelowa. Kimelowa chote, pembe hadi pembe, kimenyooshwa bila hata mkunjo. Akainua macho kwenye dari akitafuta mahali panapovuja. Dari ilikuwa kavu.

Wezi, basi. Lakini mwizi gani anayelowesha kitambaa?

Alitoka uani. Upepo ulimkamata nywele na kumfunika macho. Ng'ambo ya ukuta, jirani yake Loveday Tapp, mjane mnene mwenye sauti ya kuita feri, alikuwa akianua nguo kabla hazijaruka.

"Bibi Tapp, hukuona mtu uani kwetu jana usiku?"

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote. Mwizi."

"Mwizi! Mtaa huu? Aibe nini, mwanangu, vikombe vyetu vilivyovunjika mikono?" Loveday alicheka, kisha akamtazama vizuri na kuacha kucheka. "Mbona umekuwa mweupe hivyo? Mtoto hajambo?"

Mtoto.

Netta alipanda ngazi mbili mbili huku mkono ukiwa mdomoni. Saa mbili na nusu, na Lorna hajalia! Tangu azaliwe hajawahi kulala kupita saa kumi na moja. Alisukuma mlango.

Lorna alikuwa amelala chali, mikono juu kama mtu aliyejisalimisha, mashavu mekundu, akipumua. Netta aliinama akasikiliza pumzi ile mara tatu ndipo akaamini. Halafu akaona kamba.

Kitanda cha mtoto kilikuwa kimefungwa. Miguu miwili ya kitanda hicho ilikuwa imefungwa kwa kamba nyeupe kwenye miguu ya kitanda chake yeye Netta, aliyekuwa amelala hapo hapo bila kusikia lolote na kushuka kwa kunyata bila kufungua pazia, na upande wa kichwani mkanda wa ngozi wa zamani ulizunguka nguzo na kukazwa kwenye bomba la ukutani. Mafundo yalikuwa madogo na magumu, ncha zake zimechomekwa ndani nadhifu. Alijaribu moja kwa kucha, ukucha ukavunjika. Akajaribu jingine kwa meno. Lorna akafumbua macho, akamwona mama yake anatafuna kamba, akacheka.

"Usicheke," Netta alimnong'oneza akimnyanyua. "Shangazi yako akiona hivi, babu yako anaondoka."

Mzee Budge alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake. Suti nyeusi, nywele zimelazwa kwa maji, viatu vinang'aa mpaka dirisha lilionekana ndani yake. Ua jekundu la karatasi, la siku ya kumbukumbu, lilikuwa kwenye kola. Kifua kilikuwa kitupu.

"Baba," Netta alisema, akijitahidi sauti isipande. "Nishani ziko wapi?"

Mzee alitazama dirisha. Midomo ilihangaika. "Bado," alisema.

"Bado nini, Baba?"

"Haijapita."

"Nini haijapita? Baba, Thelma anakuja. Tafadhali. Umeziweka wapi?"

Alimtazama kwa upole, kama mtu anayeombwa na abiria jambo lisilowezekana, akatikisa kichwa. Akamtolea Lorna kidole. Lorna akakishika.

Karibu saa nzima baadaye, Netta akiwa bado anapekua vyumba vya juu, mlango wa chini ukagongwa. Saa tatu na nusu tu!

Thelma Hobley alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mrefu, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote. "Nimepanda feri ya mapema," alisema kabla hajasalimia. "Wanasema huenda wakasimamisha za baadaye kwa upepo huu. Hujambo, wifi? Mbona hujachana—" Upepo ulimnyang'anya mlango mkononi na kuubamiza. Nyumba nzima ilitikisika, madirisha yakalia, na Netta akafumba macho na kukaza mabega akingoja sauti ya vyombo kuanguka, kwa sababu kila mlango ule ulipobamizwa angalau kikombe kimoja kilikufa.

Hakikuanguka kitu.

"Saa ya Mama iko wapi?" Thelma aliuliza.

Alikuwa tayari sebuleni, glavu moja imevuliwa. Macho yake yalitembea kutoka kwenye meko hadi kwenye kulabu za jikoni na kurudi.

"Ipo, wifi. Nimeiondoa nifute vumbi."

"Na vikombe umefuta vumbi pia? Na picha?" Thelma aligeuka. Sauti yake haikuwa kali, na hilo lilimtisha Netta zaidi. "Niambie ukweli. Umeviuza? Kama mshahara wa Colin hautoshi ungeniambia, mimi si jiwe."

"Sijauza kitu! Sijui viko wapi. Nimeamka asubuhi havipo."

"Na nishani?"

Lorna alimvuta mama yake sikio.

"Netta. Na nishani?"

"Hazipo."

Thelma aliketi polepole kwenye kiti cha baba yake. "Unajua ile ya pembe nane ni nini kwangu?" alisema. "Watu huniambia, baba yako alikwenda mwisho wa dunia, una bahati. Nilikuwa na miaka minane alipoondoka na wale watafiti wake. Miaka sita, wifi, alikuwa akirudi kama mgeni. Nyangumi walipigwa alama na kuhesabiwa mmoja mmoja, na mimi nikakua bila wa kunihesabu. Nishani ile ndiyo yote iliyorudi. Halafu wewe umeipoteza kama pini ya nepi."

Aliinuka, akapanda juu. Netta alisikia hatua, kisha kimya, kisha: "Mungu wangu! Amemfunga mtoto! Baba, umemfunga mtoto kama mzigo?"

Mzee alisema neno moja Netta hakulisikia. Thelma alishuka na uso umepauka. "Nilisema Jumatano. Sasa nasema kesho. Nitapiga simu mimi mwenyewe. Na usinililie, Netta, kwa sababu ungekuwa mama mwenye akili ungeniita zamani."

Netta alimweka Lorna kiunoni upande mmoja, akauegemeza mkono mwingine mezani. Kiganja kikatua kwenye kitambaa kile kilicholowa, baridi, laini. Mkono haukuteleza hata kidogo.

Akakumbuka wiki yake ya kwanza kama bibi harusi. Alikuwa amemwaga supu ya baba mkwe kwa woga, na mzee, wakati ule maneno yakimtoka kama maji ya bomba, alimwambia asijali, huko kusini meli ilikuwa ikilala ubavu mpaka ukaona samaki kwenye dirisha, na supu ilifika kwa mtafiti bila kumwagika. Siri ni moja tu, alisema: kabla ya tufani unalowesha kitambaa, sahani zinashika. Kisha akamsimulia mtafiti mmoja aliyeiba bakuli la supu ili aweke uduvi wanaoliwa na nyangumi, na yeye akapeleka bakuli lile mezani bila kufunua kifuniko. Walicheka mpaka Colin akatoka bafuni kuuliza kuna nini.

Netta alinyoosha mgongo. Alitembea hadi chini ya ngazi. Baba mkwe wake alikuwa juu, ameshika reli, akimtazama binti yake kwa macho ya mtu aliyekosea bila kujua wapi.

"Baba," Netta aliita. "Jana kabla ya kulala ulisikiliza redio. Utabiri wa bahari ulisemaje?"

"Netta, acha kumsumbua," Thelma alisema.

"Ulisemaje, Baba?"

Mzee Budge alinyooka. Mikono ilishuka ubavuni. "Wight," alisema, akitaja eneo la bahari ya kwao kama redio inavyolitaja. "Upepo wa kusini-magharibi. Daraja la tisa. Huenda kumi baadaye."

Thelma alimgeukia baba yake. Tangu Agosti hajamsikia akitoa maneno mengi hivyo.

"Na tukingoja daraja la tisa," Netta alisema, akijaribu kuifanya sauti yake ya mtu mwenye vyeo begani, "vyombo vya maofisa vinawekwa wapi?"

Alishuka. Ngazi kwa ngazi, mguu wa kulia ukichelewa kidogo. Aliwapita wote wawili bila kuwatazama, akaingia jikoni, akafungua sufuria kubwa ya kufulia. Mle, kila kimoja kwenye soksi yake, mlikuwa na vikombe saba, na bakuli la sukari kwenye kofia ya sufu ya Lorna. Akafungua oveni. Saa ilikuwa imelala juu ya mto, visu na uma vimefungwa taulo pembeni yake, picha ya harusi iko katikati ya blanketi lililokunjwa.

"Kwenye oveni!" Thelma alipiga kelele. "Unaona? Na kama angewasha? Jumapili, siku ya kuoka nyama!"

Mzee alitia mkono mfuko wa kizibao, akatoa viberiti viwili akaviweka mezani. Kisha akaonyesha chini ya sinki, mahali pa valvu ya gesi. Ilikuwa imefungwa.

"Moto," alisema, akitafuta neno, akalipata. "Moto kwanza."

Netta alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akamng'ang'ania Lorna. "Jiko halikushika asubuhi, wifi. Nilidhani gesi imekatika. Baba alizima kwanza, ndipo akafunga vyombo. Hata kitanda. Sakafu ya juu imeinama, kila Lorna akijigeuza kitanda kinatembea kwa magurudumu yake, anaamka. Jana hakikutembea. Amelala mpaka saa mbili na nusu. Na mimi nimelala."

Mzee alikuwa amefikia debe la unga. Alivua koti, akalikunja, akampa binti yake bila kumtazama, kama anayempa mtumishi mwenzake. Akakunja mkono wa shati mara tatu, sawasawa, akauzamisha ungani mpaka kwenye kiwiko. Uso wake ulitulia. Akavuta.

Nepi safi, imefungwa kwa uzi. Ndani yake nishani tano kwenye upau wao.

"Unga haubiringiki," alisema Mzee Budge.

Aliziinua. Nne alizipuliza, zikang'aa. Ya tano, ile ya shaba yenye pembe nane na utepe mweupe, unga ulikuwa umepenya kwenye picha yake. Netta alikuwa ameitazama mara nyingi bila kuiona vizuri: meli iliyosimama kwenye barafu, watu wadogo mbele yake na mzigo wao. Sasa theluji ilikuwa imejaa mpaka kwenye milingoti.

Thelma alichukua leso aifute. Baba yake alimshika mkono.

"Acha," alisema.

Walisimama hivyo, leso katikati yao.

"Utasimama mbele ya meya na unga kifuani?" Thelma aliuliza hatimaye.

"Ndiyo."

"Watu watacheka."

Mzee alifikiri. "Watacheka," alikubali.

Thelma alimvisha koti. Alichoma pini upande wa kushoto, mara ya kwanza ikapinda, akaitoa, akaichoma tena, akanyoosha upau kwa kidole gumba. Alichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji. Kisha akatazama saa iliyokuwa bado imelala ovenini. "Saa nne kasoro. Tuna muda wa chai, angalau?"

Netta alikwenda kwenye viberiti. Mzee Budge aliweka kiganja juu yake.

"Haijapita," alisema.

"Yaani niende mnarani bila chai?" Thelma alimgeukia Netta. "Mwambie!"

"Moto umezimwa, wifi," Netta alisema. "Mimi sina mamlaka."

Thelma alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa yake, kisha uso wake ukarudi ulivyokuwa. "Mpaka Pasaka," alisema. "Unanisikia? Sijasema zaidi. Pasaka nitakuja tena, na nikikuta kitu kimeungua, au mtoto ana alama ya kamba mwilini, sitasikiliza hadithi za tufani."

"Mpaka Pasaka," Netta alisema. Hesabu ilianza kumpita kichwani hapo hapo: Desemba, Januari, Februari, Machi, tufani zote za majira ya baridi, na redio kila jioni. Angekuwa akisikiliza naye. Angejua kabla hajalala nini kimewekwa wapi.

"Ngoja nichukue kofia ya Baba," Thelma alisema, akapanda juu. Alikawia. Mzee alimvalisha Lorna kofia ya sufu iliyokuwa na punje za sukari, na Netta akasukuma kigari hadi mlangoni, akiushika mlango kwa mgongo.

Mnarani upepo ulikuwa mkali hata tarumbeta ikasikika vipande vipande. Wazee walishika kofia zao. Mtu mmoja wa safu ya mbele alimnong'oneza Mzee Budge kitu akionyesha nishani, na Mzee Budge akamjibu kwa neno moja, na yule akageuka mbele haraka akiuma mdomo asicheke katikati ya kimya. Netta alihesabu dakika mbili zile kwa kuutazama mguu wa kulia wa baba mkwe wake. Haukuyumba.

Waliporudi, Thelma hakuingia. Feri ilikuwa bado inavuka, ya mwisho, akakimbia ameshika skafu.

Netta alimpeleka Lorna juu akalale. Aliposhika upande wa kitanda ili akisogeze, hakikusogea. Mzee alikuwa amefungua kamba zote asubuhi, kwa kuvuta mara moja tu, Thelma alipopiga kelele. Thelma alikuwa amemsimulia njiani. Sasa mkanda ule wa ngozi ulikuwa umerudi ukutani na kamba zimerudi miguuni. Lakini mafundo hayakuwa ya mzee. Yake yalikuwa na ncha zilizochomekwa ndani. Haya yalikuwa makubwa, yamekazwa kwa nguvu nyingi kuliko ustadi, na kila moja lilimalizikia kwa kitanzi, kama kamba za viatu za mtoto wa miaka minane.

Netta alitikisa kitanda kwa nguvu. Hakikutikisika. Akamlaza mwanawe, akashuka kusikiliza redio.